Pingili

Muwa una pingili. Hilo nalijua kwa mikono:
miaka kumi na minane nimepakia trela huku Matungu,
fungu begani, majani yakinichana shingo,
wala sikuwahi kujiuliza ni nini ndani yangu
kinachobeba kile ninachobeba.

Sasa nimeonyeshwa. Picha kwenye kioo chenye taa,
hospitalini Mumias: gunzi jeupe, limepinda kidogo,
na kidole cha daktari kikigonga mahali pawili.
"Pingili hizi zimesagana, Shiundu. Kaa."
Nikakaa. Yaani nikalala,
chali, juu ya ubao, wiki sita.

Kaa.
Binti yangu Awinja naye analiandika neno hilo daftarini,
kulia kwa mstari alioupiga kwa rula:
kaa, nyenje, konokono, jongoo, nyungunyungu.
Kushoto: kambare, chura, kinyonga, kuku, ng'ombe.
"Wa huku wana uti wa mgongo, baba. Wa kule hawana.
Wewe uko huku."
Ananitazama nilivyo,
na penseli inasita.

Nyenje anaishi nyuma ya mtungi wetu.
Masikio yake, asema Awinja, yako miguuni, chini ya goti.
Mifupa hana; ugumu wake ameuvaa nje kama koti la mvua,
na koti likimbana hulipasua mgongoni
akatoka mweupe, laini kama uji uliopoa,
akangoja agande.
Kaa wa mto Lusumu pia. Zile siku za kujivua gamba
hujificha chini ya jiwe, yeye mwenye magando,
akimwogopa hata chura.

Konokono anatembelea tumbo. Basi.
Habari zake hazikunikaa.

Lakini nyungunyungu!
Mvua ilimleta hadi kizingitini
tukawa sawa, shavu langu sakafuni, yeye sakafuni.
Hana gamba nje, hana mfupa ndani,
ni maji tu yaliyofungwa vizuri kwenye ngozi,
na pingili, Awinja alihesabu akachoka, mia na ushei.
Jozi tano za mioyo. Mimi huu mmoja
na bado unanisumbua usiku.
Uzi wake wa hisia, ule ambao sisi wenye uti
tumeuficha mgongoni ndani ya mfupa
kama noti ndani ya mwanzi,
yeye ameulaza tumboni, upande wa udongo.

Nikakumbuka baraza la chifu, viti vya plastiki,
bwana wa kampuni akisema kwa kipaza sauti:
"Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu!"
Nilipiga makofi. Malipo ya miwa yalikuwa yamechelewa
miezi saba, lakini nilipiga.
Na chini ya viti vile, gizani,
mlimaji asiye na uti wala jembe
alikuwa akiupitisha uwanja mzima mdomoni mwake.

Jioni moja kumbikumbi walitoka. Tsiswa.
Mwanaisha akatega beseni la maji chini ya taa,
mbawa zikanifunika kifua, nisiweze kuzipangusa.
Tuliwala na ugali. Tusidanganyane
kwamba mtu akilala sana huwa mtakatifu.

Wiki ya saba mtaalamu wa viungo aliniambia:
"Usiinuke kiume. Geuka ubavu.
Jikunje. Shika chini. Jinyooshe. Pumzika. Tena."

Alfajiri nikajaribu. Nikajikunja nikawa mfupi,
nikashika chini kwa kiwiko, nikajinyoosha,
nikajikunja tena, jasho likitangulia,
dhiraa moja, dhiraa mbili, kuelekea mlango.

"Baba," Awinja akanong'ona kitandani mwake,
"unatembea kama yule."

"Andika," nikasema.

"Niandike upande gani?"

Sikumjibu. Pumzi sikuwa nayo,
na mkono ulikuwa umeshafika
kwenye mwimo wa mlango.